Nesi Vitalia Anarudi Darasani

Asubuhi ya Lipingo, kijiji chetu cha ziwani, huanza na usipa. Wanawake huanika samaki hao wadogo juu ya vichanja, na harufu yake huingia mpaka jikoni. Wageni hushika pua. Sisi wenyeji tunasikia njaa.

Nyumbani kwa Edmund, wa kwanza kuamka ni mama yake, Bibi Scolastika. Huyu ni mama wa maneno mengi na moyo mkubwa. Akikupenda, utakula mpaka uombe msamaha. Akikukasirikia, kijiji kizima kitajua kabla ya chai.

Anayempenda kuliko wote ni mkwe wake, Vitalia, mke wa Edmund. Vitalia ni nesi katika kituo cha afya, naye husafiri na gari la wagonjwa. Mtu akizidiwa, Vitalia hukaa naye nyuma ya gari na kumhudumia njia nzima, mpaka hospitali. Amefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Watu wa mwambao huu wanamshukuru sana. Akienda sokoni hanunui samaki. Anapewa.

"Nesi, chukua mbasa huyu!" watamwambia. "Ulimshika mume wangu kama yai!"

Bibi Scolastika naye hutembea nyuma yake, shingo juu. Utadhani dawa alizitoa yeye.

Siku moja Vitalia alirudi kutoka kazini akiwa kimya. Bibi Scolastika alikuwa anasonga ugali wa muhogo.

"Mbona uso umekunjamana?" Bibi aliuliza. "Kuna mgonjwa amekushinda?"

"Hapana, Mama. Leseni yangu ya unesi inakaribia kuisha. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, ameniambia niihuishe, yaani niipate upya. Napaswa kwenda mafunzoni Mbinga. Huko tutapimwa kwa vitendo."

Bibi aliacha kusonga. Mwiko ukabaki juu.

"Upimwe? Wewe? Na nani?"

"Ni utaratibu, Mama. Manesi wote wanafanya hivyo."

"Utaratibu gani huo! Umeokoa watu hapa mpaka nimechoka kupokea shukrani. Leo wakuite darasani kama mtoto wa chekechea? Nitakwenda kwa huyo mganga mwenyewe!"

Edmund alicheka. "Mama, kula kwanza. Ukimwendea na njaa, utamtafuna."

Vitalia hakucheka. Alikuwa na wasiwasi mwingine. Winnie, mdogo wake Edmund, aliyeishi mbali na kituo, alikuwa na mimba ya kwanza. Siku zake zilikuwa zinakaribia.

"Nikiwa Mbinga, Winnie akashikwa na uchungu, itakuwaje?" alisema. "Labda nisubiri. Niendelee tu na kazi. Huku ziwani nani atakuja kukagua leseni?"

"Hapo umesema!" Bibi aliitikia kwa sauti.

Sasa, Bibi Scolastika akipaza sauti, majirani hawahitaji redio. Punde si punde hodi ilisikika. Alikuwa Bi Rukaiya, jirani yao. Mumewe ana duka pale njiani. Yeye mwenyewe alikuwa nesi mpaka alipostaafu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu. Njoo umwambie mkwe wangu asisumbuke."

Bi Rukaiya aliketi kwenye mkeka. "Samahani, Mama, nitamwambia asumbuke. Vitalia, leseni yako ikiisha, huruhusiwi kufanya kazi ya unesi. Ukipanda lile gari bila leseni hai, unavunja sheria. Mgonjwa akipata madhara, nani atakutetea?"

"Kijiji kitamtetea!" alisema Bibi.

"Kijiji kinajua ana huruma, na kweli anayo. Lakini kijiji hakijui ni tiba gani imebadilishwa. Hata mimi sijui, na kazi hiyo niliifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Mambo kadhaa niliyofundishwa mimi yameachwa kabisa. Na kule nyuma ya gari, Mama, nesi yuko peke yake. Hana wa kumuuliza. Ndiyo maana lazima akumbushwe, na mikono yake ipimwe."

Bibi aligeukia sufuria. Hakuwa amekubali, ila ugali ulikuwa unaungua.

"Na Winnie je?" Vitalia aliuliza.

"Nenda sasa, wakati leseni bado ni hai. Usingoje iishe. Mwombe mganga mfawidhi akupangie mwenzako ashike zamu yako. Winnie ahamie hapa kwenu, karibu na kituo. Na vyeti vya mafunzo uliyowahi kupata viko wapi?"

Vitalia aliona aibu. "Vingine viko sandukuni. Kimoja nadhani panya..."

"Astaghfirullah! Nesi mzima unalisha panya vyeti? Viweke vyote kwenye faili moja. Mafunzo ya kujiendeleza yana pointi zake, na baraza la wauguzi huziangalia kabla ya kuhuisha leseni."

Basi Vitalia alifanya kama alivyoelekezwa. Winnie alihamia na mizigo yake. Siku ya safari, Bibi alimfungia mkwe wake maandazi, huku mdomo ameuvuta.

"Wakikuuliza maswali ya kijinga, usiwajibu," alimwambia.

Mbinga, kule milimani, kulikuwa na baridi. Vitalia, mtu wa ziwani, alivaa sweta mbili. Mwalimu wao aliitwa Abdulhamid. Alikuwa mpole, lakini kwenye kazi hakuwa na mzaha.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Walifanya mazoezi kwa mwanasesere. Vitalia alimpulizia pumzi na kumkandamiza kifua, akafunga majeraha, akaweka dripu. Wenzake walimpongeza. Kisha Abdulhamid alimwita mezani. Hapo palikuwa na khanga iliyolowa maji mekundu.

"Nesi Vitalia, mama huyu amejifungua sasa hivi. Hii ndiyo damu iliyomtoka. Yuko salama au yuko hatarini?"

Vitalia aliitazama khanga. Alikuwa ameona nyingi za namna hiyo.

"Yuko salama. Nitaendelea kumwangalia."

Abdulhamid hakubishana. Alichukua jagi tupu la maji ya kunywa. Akalijaza, akawaonyesha wote.

"Maji kiasi hiki ndiyo niliyoyamwaga kwenye khanga hiyo. Jagi zima. Umekosea, Nesi. Mama huyu anakufa."

Pamoja na baridi yote ile, Vitalia alitoka jasho. Ni muda mrefu hakuwa amesikia mtu akimwambia amekosea.

"Siyo wewe tu," Abdulhamid alisema kwa upole. "Sote macho yanatudanganya. Khanga inakunywa damu. Tena tuna desturi yetu. Mama akijifungua, mama mkwe au shangazi anaiondoa khanga upesi, anakwenda kuifua. Anafanya hivyo kwa heshima, mzazi asiaibike. Lakini damu inaondoka pamoja na khanga. Nesi anabaki anatazama shuka safi."

Vitalia aliwafikiria akina mama wote aliowasafirisha.

Abdulhamid alitoa mfuko wa nailoni wenye mistari ya vipimo. "Mtoto akishatoka, unauweka huu chini ya mama. Damu inakusanyika humu, unaiona. Ikifika kwenye mstari wa hatari, usingoje mama azimie. Anza huduma zote papo hapo."

Vitalia alirudia zoezi mara nyingi. Akapimwa tena, akafaulu. Kisha akatuma maombi yake kwa baraza kupitia simu, na leseni mpya ikatoka kabla ile ya zamani haijaisha.

Aliporudi Lipingo, Bibi alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Haya, wamekufundisha nini ambacho hukijui?"

"Kupima damu ya mzazi, Mama."

"Kha! Kupima damu kama mafuta ya taa!"

Siku chache baadaye, Winnie alishikwa na uchungu. Edmund na Bibi walimpeleka kituoni mchana. Vitalia alikuwa zamuni. Kituo chetu ni kidogo, nesi wa gari anazalisha pia. Bibi aliruhusiwa kuingia ili kumtia moyo binti yake.

Mtoto alitoka salama. Msichana! Alilia mpaka Edmund akamsikia nje. Bibi alipiga kigelegele. Wakati huohuo Vitalia aliweka mfuko wa vipimo chini ya Winnie. Naye Bibi, mkono wake ukaenda wenyewe. Akaichukua khanga iliyolowa, akaanza kuikunja atoke nayo.

"Mama, iache!"

Bibi aliganda. Mkwe wake hakuwahi kumpandishia sauti hata siku moja.

"Niiache vipi? Unataka mwanangu alale kwenye uchafu?"

"Nakuomba, Mama. Iweke kwenye beseni hapa niione. Kitu chochote kisitoke humu ndani."

Bibi aliguna, akaiweka khanga kwenye beseni.

Winnie alikuwa anatabasamu. Alikuwa anauliza mtoto amefanana na nani. Ungemwona ungesema ni mzima kabisa. Lakini damu kwenye mfuko ilikuwa imefika kwenye mstari wa hatari, na khanga nayo ilikuwa nzito.

Vitalia hakungoja. Alimwita mganga mfawidhi. Alilikanda tumbo la uzazi ili lijibane. Alimchoma Winnie sindano ya kulisaidia kujibana, akaweka dripu, akampa na dawa ya kusaidia damu kuganda. Akamkagua kama amechanika. Damu ilipungua lakini haikukoma. Mganga alipiga simu hospitali, waandae damu ya kumwongezea. Joakim, dereva, akawasha gari.

Bibi alikaa mbele na mtoto mapajani, akisali rozari kwa sauti. Nyuma, midomo ya Winnie ilikuwa imebadilika rangi.

"Wifi, nasikia baridi," alisema.

"Niko hapa. Nitazame mimi. Usilale."

Vitalia alimfunika. Aliendelea kukanda tumbo, kupima mapigo na kutazama ule mstari. Gari liliruka kwenye mashimo, yeye hakukaa chini hata kidogo. Walipofika hospitali, machela ilikuwa mlangoni.

Walisubiri. Loo, kusubiri huko msiombe! Mwishowe daktari alitoka.

"Ni mzima," alisema. "Amepungukiwa damu, lakini ni mzima. Mliwahi kuanza tiba. Mngengoja azimie, nisingekuwa na habari njema."

Bibi Scolastika alikaa palepale sakafuni, akalia kwa sauti mbele za watu. Kisha akamshika Vitalia mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu. Asante. Asante."

Aliendelea kusema hivyo mpaka Vitalia naye akalia.

Siku hizi ukimkuta Bibi kwenye mkutano wa akina mama kanisani, utamsikia. "Khanga ya mzazi isiondoke mpaka nesi aione!" Akimwona nesi mgeni kituoni, anamuuliza kama leseni yake ni hai. Edmund anaona aibu. Sisi wengine tunacheka, lakini jibu tunalisikiliza.

Msimu wa kahawa ulipofika, Bibi alikwenda kuchuma shambani kwake, Ukata. Winnie alikuwa amepata nguvu, wakafuatana, mtoto mgongoni. Njiani, gari lilipofika Mbinga, Bibi alimwambia Winnie washuke. Akaulizia mpaka akalipata darasa la Abdulhamid. Manesi wapya walikuwa wamekaa kwenye mabenchi.

"Shikamoo, Mama," Abdulhamid alisalimia.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyemwambia mkwe wangu Vitalia, wa Lipingo, kwamba amekosea?"

Abdulhamid alishtuka. Sauti ya Bibi mnaijua. "Mama, naomba radhi kama nilimuudhi. Ilikuwa ni kazi tu..."

Bibi aliukamata mkono wake.

"Sisi kule tulikuwa tunamsifu tu, baba. Miaka yote, kumsifu tu. Wewe ndiye uliyemwambia. Huyu hapa ni binti yangu, Winnie. Ndiye yeye aliyekuwa anatokwa damu. Nimekuletea umwone."

Winnie alipiga goti, akashukuru. Abdulhamid alimsihi ainuke. Mtoto akaanza kulia mgongoni. Manesi wakasogea, wakampisha Winnie kwenye benchi, naye akakaa katikati yao akamnyonyesha.