Zawadi Kutoka Msitu wa Mgodi

Kasuku, msichana mdogo, alivunjika mguu akafungwa plasta. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu hanyamazi. Sasa alilala kitandani, akiongea na dari.

Babu yake, fundi viatu, kila jioni alipitia msituni, karibu na mgodi wa zamani.

"Kama huwezi kwenda msituni, msitu utakuja kwako," alisema. Akamletea unyoya. Akamletea ganda la konokono.

Bibi alinuna kwa utani. "Mke mwenzangu analetewa zawadi. Mimi naletewa matope ya viatu!"

Jioni moja babu alileta jiwe jeusi, zito, lenye madoa ya njano kama kiini cha yai. Kasuku alilipenda, akawa analala nalo chini ya mto wake.

Baada ya siku chache, muuguzi alikuja kuutazama mguu. Akaliona jiwe.

"Babu, hili umelitoa wapi?"

"Kwenye lundo la mawe, pale mgodini."

"Lile ni lundo la mabaki ya madini ya urani. Mawe yake hutoa mionzi. Haionekani wala hainuki, lakini ukiishi nayo karibu kwa muda mrefu inaweza kuleta saratani. Vumbi lake nalo halifai kumezwa wala kuvutwa."

Babu aliketi ghafla. "Nimemdhuru mjukuu wangu?"

"Tulia, babu. Siku chache si miaka. Tulitoe sasa hivi."

Muuguzi alivaa glavu, akalitia jiwe kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka nje mbali na watu. "Msilivunje wala kulitupa majini. Nitawaita wataalamu walichukue."

Bibi alifua mashuka. Alipangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, vumbi lisiruke. Wote wakanawa mikono kwa sabuni.

"Msituni nisiende tena?" babu aliuliza kwa unyonge.

"Nenda, ila pita njia kuu. Usiingie kwenye mashimo, usinywe maji ya mgodini, usiokote kitu pale. Viatu viache mlangoni."

"Sikia hiyo!" bibi akadakia. "Mimi nimeimba hivyo tangu niolewe."

Wataalamu walikuja na kipimo. Walilichukua jiwe, wakapima chumba. Kilikuwa salama.

Kesho yake babu alisimama mlangoni, kichwa chini.

"Babu, leo mikono mitupu?" Kasuku akauliza.

"Naogopa kukuletea kitu, mama."

"Basi niambie ulichoona."

Babu aliketi kando ya kitanda. Akamweleza habari za kindi wawili waliogombania tawi, akiwaigiza kwa mabega yake ya kizee. Kasuku alicheka mpaka kitanda kikalia.

"Kesho niletee kindi wengine," alisema.