Samaki Watatu wa Chamima

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chamima alikwenda kwenye meza iliyo chini ya dirisha na kuhesabu samaki katika sanduku la kioo. Walikuwa watatu, wadogo kuliko kidole gumba, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Kisha aliandika kwenye daftari: "Samaki watatu, wazima." Alikuwa na miaka kumi na miwili, na darasa zima la sita pale mjini Palma, Msumbiji, lilimwonea wivu.

Sanduku lile la kioo lilikuwa kazi ya darasa kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Mwalimu wao, Profesa Bernardino, aliunganisha vioo vitano kwa silikoni na kuviacha vikauke siku tatu. Wanafunzi waliosha mchanga mpaka hautoi tope tena, wakapanga mawe ya matumbawe yaliyokwisha kufa ili samaki wapate pa kujificha. Walibeba maji ya bahari kwa madumu, wakayachuja kwa kitambaa, wakayaacha wiki tatu yatulie. Abibo, ambaye baba yake ni mzamiaji, ndiye aliyeleta samaki. Sanduku likawekwa nyumbani kwa kina Chamima kwa sababu walikuwa na paneli ya jua na betri, na mashine ya kupuliza hewa haikutakiwa kuzimika hata saa moja.

Profesa alichora mstari mwekundu kwenye kioo. "Maji yasishuke chini ya hapa," alisema. "Jua lenu la pwani linakunywa sana."

Chamima alitii kwa bidii. Bahari ilikuwa hatua chache nyuma ya nyumba. Kila jioni alishuka na ndoo, akachota, akajaza mpaka mstarini. Hakuna aliyeona kosa. Mtu wa pwani atawaongezea samaki wa baharini maji gani tena, kama si ya bahari?

Siku ya kumi na nane tangu samaki waletwe, Jumanne, alihesabu wawili.

Wa tatu alikuwa nyuma ya jiwe, ubavu juu. Papo hapo Chamima akakumbuka kwamba juzi mama yake alifulia nguo katika ndoo ileile. Je, yeye aliisuuza kabla ya kuchotea? Hakuwa na hakika. Sabuni! Alimtoa yule samaki kwa kijiko, akamfukia nyuma ya jiko, kisha akalirudia daftari. Aliandika kama kila siku: "Samaki watatu, wazima."

Shuleni Abibo alimdaka mlangoni. "Wanangu hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wote watatu?"

"Si nimekwambia hawajambo!" Chamima alifoka, hata Abibo akarudi nyuma.

Jumatano samaki wawili waliobaki walianza kutweta juu ya maji. Chamima aliisugua ndoo kwa mchanga, akaisuuza mara saba, akachota maji mengine ya bahari na kuongeza. Kadiri alivyozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kuchota.

Alhamisi Profesa alitangaza darasani, "Kesho mimi na Abibo tutakwenda kwa kina Chamima kuwatazama samaki wetu. Keshokutwa ndiyo maonyesho."

"Tá bom, sawa, Profesa!" wenzake wakaitikia. Chamima alianza kuhesabu saa zilizobaki.

Alipofika nyumbani alisimama mbele ya sanduku, na wazo baya likamjia. Angechomoa waya wa mashine, aseme betri iliisha. Nani angejua? Alishika waya. Wale samaki wawili wakapanda juu, midomo ikifunguka na kujifunga mbele ya macho yake. Akauachia waya na kuangua kilio.

"Chamima! Kuna nini?" Alikuwa mama mdogo Fátima, mdogo wake mama, aliyekuja kutoka mashamba ya chumvi anakofanya kazi.

"Mama mdogo, wanakufa. Mmoja alishakufa. Nimewaua kwa sabuni, na nimeandika uongo!"

Mama mdogo hakumgombeza. Alitazama ukingo wa kioo, pale palipoganda unga mweupe. Akaukwangua kwa ukucha na kuulamba. Kisha akachovya kidole majini, akaonja, akakunja uso.

"Sabuni haina ladha hii. Mwanangu, haya si maji ya bahari tena. Haya ni maji ya bwawa la pili."

Kule mashambani, maji ya bahari huingizwa bwawa la kwanza, jua likayapunguza, yakahamishiwa la pili, halafu la tatu ambako chumvi huganda. Mama mdogo alizijua ladha za mabwawa yote matatu.

"Jua linakunywa maji, chumvi linaiacha," alisema. "Nawe kila jioni unaleta chumvi mpya juu ya ile ya jana."

"Tuyamwage yote?"

"Thubutu! Ukiwabadilishia ghafla utawamaliza. Leta maji ya mvua kutoka pipani, hayana chumvi."

Walitoa kikombe kimoja, wakatia kikombe kimoja cha maji ya mvua, wakasubiri. Wakatoa kingine, wakasubiri tena, mpaka jua likazama. Samaki walishuka chini, wakatulia kabisa. Chamima alikwenda kulala akiwa na hakika kwamba amechelewa.

Alfajiri alisogea mezani amefumba macho. Alipoyafumbua, alimwona mmoja. Wa pili je? Akatokea nyuma ya jiwe, akimkimbiza mwenzake.

Mchana Profesa na Abibo walipobisha hodi, hofu ilirudi upya. Chamima aliwapa daftari kabla hawajakaa. "Profesa, tangu Jumanne nimeandika uongo." Akawaeleza yote.

Abibo aliinamia kioo. "Aliyekufa ni yupi? Yule mwenye pezi lililokatika?"

"Huyo."

Abibo akageuza uso. Chamima angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Profesa alifunga daftari taratibu. "Kosa la maji ni letu sote, na mimi wa kwanza. Mimi mtu wa Mueda, mbali na bahari, nimejua kuunganisha vioo, chumvi ikanishinda. Kosa lako, Chamima, ni hizi siku tatu. Ungesema Jumanne, hawa wawili wasingeteseka. Sikulaumu kwa kuogopa. Lakini ukiogopa ndipo useme haraka, kwa sababu peke yako ulikuwa unapigana na sabuni ambayo haikuwapo, na kila ndoo uliyoongeza ilikuwa inawaua."

Chamima alilifungua daftari tena. Alifuta mistari yote ya uongo, mmoja mmoja, kisha akaandika: "Samaki wawili, wazima."

Abibo alisogea, akasoma. Akaweka kidole kwenye kioo na kuhesabu mwenyewe, mmoja, wawili. Halafu akaenda kuchota kikombe cha maji ya mvua.