Sweta ya Kondoo wa Kahawia

Wachuka aliwapita watu wa aiskrimu, akaipita bendi, akawapita wanafunzi waliopanga foleni kuona trekta. Alikuwa akifuata pua yake. Maonyesho ya kilimo ya Nakuru siku ya Ijumaa hufurika mpaka mtu hajui mguu alioukanyaga ni wa nani, lakini harufu ya kondoo haimpotezi anayeipenda, na Wachuka aliipenda kuliko marashi. Siku hiyo alivaa sweta ya rangi ya haradali aliyoifuma mwenyewe, sketi ya jinzi, na raba nyeupe ambazo mtu mwenye akili timamu hangezileta zizini.

Ndani ya zizi kijana mmoja mwenye gambuti na mabega mapana alikuwa amemkalisha kondoo kitako, anamnyoa kwa mkasi mkubwa.

"Boss, hiyo manyoya mnaitupa?" Wachuka aliuliza.

"Hatutupi, tunaweka kando. Kwani unataka?"

"Nataka."

"Ya nini? Kujaza pilo?"

"Ya kusokota uzi."

Kijana akacheka. "Msichana wa tao asokote sufu? Wacha mchezo."

Wachuka alifungua mkoba, akatoa kijiti chake cha kusokotea chenye kisahani cha mbao chini, akachuna kishungi cha manyoya pale pale mgongoni mwa kondoo, akakizungusha kijiti kwenye paja na kukiachilia. Kijiti kikaning'inia, kikazunguka, na uzi ukatoka vidoleni mwake mwembamba na sawasawa. Kijana akasahau mkasi. Kondoo naye, nusu uchi, akaona nafasi yake, akatoroka.

"Aki umenifanya nimeachilia mnyama!"

"Si ni wewe ulikuwa unanitazama?"

"Naitwa Kipngetich. Wa Molo. Hiyo gunia yote chukua, lakini uniwachie namba."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kipngetich alilima viazi na kufuga kondoo, na kila Jumanne na Jumamosi alishuka Nakuru na pikapu yake kuleta viazi sokoni. Wachuka aliuza miwani katika duka moja la mjini na kuishi mtaa wa Section 58, kwenye chumba ambacho baada ya miezi miwili kilinuka kondoo mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama amefuga. Kila Jumamosi Kip alileta gunia. Waliosha sufu pamoja kwenye beseni, wakaianika, na jioni ikifika alimpigia simu kutoka Molo.

"Mama Sufu, umekula?"

"Nimekula. Wewe uko na nani?"

"Niko na ng'ombe."

"Ng'ombe anaitwa nani?"

"Babe, si uniamini tu!"

Kumwamini ndiko kulikomshinda. Wachuka alikuwa na wivu, wala tusimpambe. Alimwonea wivu mhudumu aliyemwongezea Kip mchuzi bila kuombwa. Aliwahi kuona jina la Chepkemei kwenye simu yake akanuna siku mbili.

"Ni shangazi yangu!"

"Shangazi anakutumia moyo nyekundu?"

"Amejua simu juzi, anabonyeza chochote!"

Kip alicheka, na akicheka Wachuka alitulia. Alijua ana ugonjwa huo. Wengine wana pumu, yeye alikuwa na wivu, na aliamini ukimpenda mtu sana lazima uumwe kidogo. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba siku moja atakuja mwanamke ampokonye Kip naye akiwa ameangalia kando. Kwa hiyo hakuwahi kuangalia kando.

Mwanamke pekee ambaye hakumwonea wivu alikuwa Becky. Becky alikuwa na duka dogo la nyuzi na vifungo mjini, na kwa miaka sita yeye na Wachuka walikuwa wakifuma pamoja kila Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa mrembo, ameachana na mumewe, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Lakini kwa kufuma alikuwa na mkono mbaya. Nyanya yake alimfundisha kuingiza sindano nyuma ya kitanzi badala ya mbele, basi kila kitanzi chake kilijikunja shingo, na sweta zake zilikaza kama kamba. Wachuka alikuwa akimtania, "Becky, kazi yako hata ukiiba na kuificha nitaijua."

"Na yako inajulikana kwa kiburi," Becky alimjibu.

Ilipofika Februari, Kip alianza kupotea. Kila Jumanne kuanzia saa nane hadi saa kumi hakushika simu.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napakua viazi."

"Masaa mawili?"

"Foleni, mama. Foleni ilikuwa mbaya."

Wachuka alisema sawa. Ila aliiandika moyoni, na Jumanne iliyofuata akaongeza nyingine, na nyingine. Akaanza kuona mambo. Kip alikuwa na alama nyekundu kwenye ncha ya kidole cha shahada. Alipoulizwa alisema ni msumari. Nguo zake hazikunuka viazi siku za Jumanne. Zilinuka duka.

Jumamosi moja ya Mei mvua ilinyesha tangu mchana. Kip aliegesha pikapu mbele ya duka la dawa za mifugo, akamwambia, "Ngoja hapa usiloe, nanunua dawa ya minyoo. Halafu nakuletea mandazi moto." Foleni ya dukani ilikuwa imetoka hadi kwenye baraza. Wachuka aliona baridi, akatafuta kitu cha kujifunika. Chini ya kiti mkono wake uligusa gunia la chakula cha kuku, na ndani ya gunia mlikuwa na kitu laini.

Alitoa sweta. Vipande vyake havikuwa vimeshonwa pamoja bado. Kulikuwa na mgongo, kifua, na mkono mmoja uliofikia kiwiko na sindano zake mbili. Uzi ulikuwa wa kahawia iliyokolea, wa yule kondoo mmoja wa kahawia ambaye Wachuka alikuwa ameiomba sufu yake tangu Januari, na Kip akamwambia, "Hiyo ni mbaya, imejaa miiba, nimetupa." Alikuwa amemdanganya. Wachuka akageuza kipande kwenye mwanga wa dirisha, akakisoma kwa kidole, safu kwa safu.

Kila kitanzi kilikuwa kimejikunja shingo.

Kifua cha sweta kilikuwa kipana, cha mwanamume, tena mwanamume wa mabega kama ya Kip. Becky anamfumia Kip sweta. Becky, na Jumanne, na saa nane, na sufu ambayo yeye mwenyewe alinyimwa! Kumfumia mtu sweta si jambo la mchezo, Wachuka alijua. Ni kumfikiria mtu kila kitanzi kwa miezi. Afadhali angewakuta wameshikana mikono hotelini.

Akatafuta ncha ya uzi pale mgongo ulipomalizikia, akafungua fundo kwa meno, akavuta.

Sweta huchukua miezi kufumwa. Kuifumua ni kazi ya mkono mmoja wenye hasira. Safu zilifumuka moja baada ya nyingine kwa sauti ndogo, uzi ukatoka na mawimbi yake, naye akauzungusha kuwa mpira. Mgongo ukaisha. Akashika kifua, nacho kikaisha. Alilia na kuvuta, na kusema kweli kulikuwa na utamu ndani yake.

Mlango wa pikapu ulifunguliwa. Kip alisimama kwenye mvua, mandazi yakitoa mvuke kwenye gazeti. Aliuangalia mpira wa uzi mapajani mwa Wachuka.

"Umefumua," alisema.

"Nimefumua. Mwambie Becky wako aanze upya!"

"Becky wangu?"

"Usijifanye. Mkono wake naujua hata gizani."

Kip alikuwa mtu wa maneno mengi akiwa na furaha, na wa maneno machache akiumia. "Yote?" aliuliza.

"Imebaki mkono."

"Sawa, Wachuka."

Tangu siku ya maonyesho hakuwahi kumwita hivyo, jina tupu, bila mama wala utani. Aliweka mandazi kwenye kiti, akageuka kuitazama barabara. Wachuka alishuka, akaenda zake kwenye mvua na mpira wa uzi bado kifuani. Alitembea hadi kona bila kugeuka, akingoja aitwe. Hakuitwa.

Siku tatu simu haikulia. Jumanne saa nane kamili Wachuka aliomba ruhusa kazini akaenda dukani kwa Becky kuwafumania.

Becky alikuwa peke yake, anapanga vifungo. Viti viwili vilikuwa vimewekwa nyuma ya kaunta.

"Huyo wako yuko wapi?" Wachuka aliuliza.

"Nani wangu? Unamaanisha mwanafunzi wangu? Hajakuja leo. Na wewe una nini, mbona umekuja na uso wa polisi?"

"Mwanafunzi?"

Becky akainama, akatoa chini ya kaunta kitambaa kidogo kilichofumwa, kimejaa matundu, kimepinda upande kama mlevi. Vitanzi vyake vyote vilikuwa vimejikunja.

"Hii ni kazi yake ya kwanza. Februari. Alikuja hapa na gambuti zake akaniambia, 'Becky, nifunze kufuma, nataka nimfumie Wachuka sweta na sufu ya kondoo yangu, nimsokotee hata uzi mwenyewe. Nataka siku ya kumuuliza kama tutaoana awe ameivaa.' Nikamwambia mimi nina mkono mbaya, aende kwako. Akasema, sasa nikienda kwake si atajua? Basi nikamfunza makosa yangu. Unajua wanaume wenzake kwa foleni ya viazi walimcheka vipi na sindano? Alikuwa anakuja kujificha hapa."

Wachuka alikaa kwenye kimoja cha vile viti. Akakumbuka kidole chenye alama, mahali sindano inaposukumwa. Lakini wivu haukati roho kirahisi.

"Mbona ilikuwa kubwa hivyo? Ilikuwa saizi ya mwanaume."

"Nilimuuliza umepima vipi. Akasema amekupima kwa kukukumbatia." Becky hakucheka. "Ilikuwa kubwa? Kwa nini unasema ilikuwa?"

Wachuka alimwambia.

Becky alirudi kwenye vifungo vyake, akapanga vitatu, vinne. "Miaka sita, Wachuka," alisema. "Miaka sita tunakaa kiti kando ya kiti. Na uliona vitanzi tu, ukaniona mimi nakuibia bwana."

"Becky, nisamehe."

"Nenda kwanza. Mimi nitaona."

Uzi uliofumuliwa hausahau. Hubaki na mawimbi ya mahali ulipokuwa, na ukiufuma hivyo hivyo kazi hutoka na vidonda. Jioni ile Wachuka aliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaufunga mafungu, akauosha kwa maji vuguvugu. Kisha akautundika kwenye kamba ya nguo na chini ya kila fungu akafunga chupa ya maji ili uzito wake uunyooshe.

"Hiyo ni dawa ya nini?" mama mwenye nyumba aliuliza.

"Ya ujinga, mathe," alisema Wachuka.

Ulikauka baada ya siku mbili. Alipoushika aligundua kitu ambacho hasira ilikuwa imemficha. Uzi ule haukuwa sawasawa. Ulikuwa mnene hapa, mwembamba pale, uzi wa mtu anayejifunza kusokota, na Becky hakuwahi kusokota maishani mwake. Jambo lilikuwa wazi vile. Alikuwa amesoma vitanzi na asiusome uzi.

Alfajiri ya Jumamosi alipanda kwenda Molo. Ukungu ulikuwa bado haujainuka alipomkuta Kip kando ya lori, anapakia viazi na wanaume watatu. Alivaa koti kuukuu na hakuacha kazi.

"Niaje," alisema, kama anavyosalimiwa mtu yeyote.

"Kip, nimekuja kuomba msamaha."

Wanaume wakatazamana. Mmoja akajifanya anakaza kamba.

"Nimemkosea Becky, nimekukosea wewe," aliendelea mbele yao wote. "Ulifuma miezi mitatu, mimi nikamaliza kazi yote kwa nusu saa. Nina wivu, Kip. Siwezi kukudanganya ati itaisha leo."

Kip alishusha gunia. "Si wivu iliniuma. Wivu yako naijua. Ni vile hukuniuliza. Mtu anaweza kuuliza, Wachuka. Hata kwa matusi."

"Nitauliza. Kwa matusi."

Mmoja wa wale wanaume akacheka, na Kip akauma mdomo asicheke. Alikwenda kwenye pikapu akarudi na gunia la chakula cha kuku. Mkono wa sweta ulikuwa bado ndani na sindano zake. Wachuka akatoa mafungu ya uzi mkobani, yamenyooka, laini.

"Umeuosha," Kip alisema. Aliupitisha uzi kwenye kidole chake kilichochubuka.

"Wewe malizia mikono. Mimi nitafuma mgongo na kifua. Saizi yangu, lakini."

"Sitaki uifume poa kuliko mimi. Watu watajua hiyo ni ya watu wawili."

"Ile swali ulitaka kuniuliza nikiwa nimeivaa, si uniulize tu sasa?"

"La." Sasa alitabasamu, na mabega yake yakashuka. "Utangoja ikiisha, Mama Sufu. Hiyo ndiyo faini yako."

Akarudi kwenye viazi vyake. Wachuka alikaa kwenye pipa lililogeuzwa, akatoa sindano zake, akaanza mgongo. Alitaka vitanzi vijikunje kama vya Kip, lakini mkono wake ulikuwa umezoea uzuri. Kila alipojaribu, kitanzi kilinyooka chenyewe. Akafumua, akaanza tena, kikanyooka tena. Mwishowe akatoa simu, akapiga, akaiweka gotini kwa sauti ya juu.

"Becky, usikate. Nifunze ule mkono wako."

Wachuka alisikia vifungo vikimwagwa kwenye bakuli.

"Mwanafunzi wangu yuko hapo?" Becky aliuliza.

"Niko, mwalimu!" Kip aliita kutoka kwenye lori, na sauti yake ikawa nyepesi, yenye furaha. Kule ndani kile kidonda cha wivu cha Wachuka kikachomwa, pale pale pa siku zote. Alikisikia. Akakiacha kiendelee kuuma, akashika sindano.

"Haya," alisema Becky. "Usiingize mbele. Zunguka nyuma ya kitanzi. Sasa vuta, na usiwe na haraka."