Mdaiwa Aliyeitwa Mara Tatu

Habari hii nilipewa na wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, Jumatano mchana nikiwa naanika nguo za mtoto. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaomba maji. Alikunywa vikombe viwili kabla hajasema neno.

Kaka alikuwa kibarua wa ujenzi. Mkandarasi wake tulimwita Nondo, kwa wembamba wake. Siku moja nguzo zilizoshikilia zege la ghorofani zilitolewa kabla halijakauka. Zege likaporomoka, likawaua wote wawili.

Wifi akafungua kesi ya kudai fidia kwenye mirathi ya Nondo, angalau wanawe watatu waendelee na shule. Msimamizi wa mirathi ni dada yake Nondo, na yeye alimcheka mbele za watu: "Nguzo alizitoa mumeo kwa kiherehere chake. Unabisha? Una shahidi gani?"

Hakuwa naye.

Wakili hatukumweza. Wifi alijaza fomu mwenyewe, na penye nafasi ya mdaiwa hakuandika jina la msimamizi. Aliandika jina la marehemu Nondo.

"Karani naye hakuangalia," aliniambia. "Leo asubuhi akasimama mlangoni, akaliita jina lile kama anavyoita ya wengine. Mara ya kwanza watu wakacheka. Mara ya pili dada yake Nondo akasema, 'Jamani, mwacheni apumzike.' Mara ya tatu..."

Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu na mtoto mgongoni.

"Ikaingia harufu, wifi. Zege bichi. Kisha benchi la wadaiwa likalia, kama mtu anapokaa. Dada yake alikuwa hapo. Akasogea. Kama anayempisha mtu."

Hakimu aliinua macho. Akauliza taratibu, "Huyu mwenye vumbi ni nani?"

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuuliza tena. Aliagiza hati irekebishwe, iletwe kesho, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Mimi sirudi kule," wifi alisema. "Kesi na ife."

Mimi sauti hunipotea mbele za watu. Lakini wale watoto watatu ni damu ya kaka yangu.

Asubuhi iliyofuata nilimbeba mtoto, nikaipeleka hati mpya. Karani alifungua jalada aiweke. Ndani mlikuwa na karatasi nyingine, kwenye sehemu ya majibu ya mdaiwa. Ilikuwa na unyevu. Mstari mmoja tu, kwa penseli nene ya fundi:

*Nguzo niliamuru mimi zitolewe.*

"Nani ameileta?" nilinong'ona.

"Jalada limelala kabatini. Ufunguo ninao mimi." Akaisukuma kwa ncha ya rula. "Ichukue, mama. Kaichome."

Niliirudisha jaladani kwa mkono wangu, nikamwambia agonge muhuri.