Revati Atoa Ushahidi kwa Video

Asubuhi moja Revati alikuwa jikoni akichoma mikate ya mtama. Mume wake, Bhanudas, fundi wa baiskeli, alikuwa akinywa chai yake. Walikuwa wameoana mwaka uliopita, katika mji mdogo karibu na Satara. Bhanudas alimpenda mkewe, lakini wivu wake haukuwa na kiasi. Hata muuza maziwa alikuwa akimimina maziwa huku ametazama chini.

Siku hiyo Bhanudas alinuna zaidi. Mahakama ya mji wa Pune ilikuwa imemwita Revati. Kabla ya kuolewa alishona nguo katika karakana moja huko. Msimamizi wake alimshika kwa nguvu, na Revati alipomsukuma, akampiga mpaka akamvunja mkono. Revati alimshtaki kwa polisi. Sasa kesi ilikuwa inasikilizwa.

"Huendi," Bhanudas alisema. "Usimame pale akukodolee macho tena? Na watu wote wasikie alivyokushika?"

"Nisipotoa ushahidi ataachiwa," Revati akajibu. "Mimi nilivunjwa mkono, wewe unaniletea wivu."

Jirani yao, mama mmoja aitwaye Indu, alisikia, maana kuta za nyumba zile hazifichi kitu. Indu alikuwa akijitolea katika ofisi ya msaada wa kisheria. Aliwaeleza kwamba mlalamikaji anaweza kutoa ushahidi kwa video. Mwendesha mashtaka humwomba hakimu. Hakimu akikubali, Revati angekaa katika chumba maalumu kwenye mahakama ya hapa hapa wilayani. Angemwona hakimu na mawakili, nao wangemwona. Mshtakiwa angemsikia, maana ni haki yake kusikia anayoshtakiwa, na wakili wake angeuliza maswali. Lakini Revati asingelazimika kuutazama uso wake. Watu wa nje wasingeingia, na kurekodi kwa simu kulikatazwa.

"Basi nitakaa naye," Bhanudas alisema.

"Hapana, shemeji," Indu alisema. "Hakimu lazima awe na hakika kuwa hakuna anayemfundisha la kusema. Revati atakuwa na karani wa mahakama tu. Akitaka mtu wa kumtuliza moyo, anamwomba hakimu, na mtu huyo hasemi neno."

Ombi lilikubaliwa. Siku ilipofika, Bhanudas aliachwa kwenye benchi nje ya chumba. Alikaa kwa shida. Kila alipowaza kwamba mkewe anamtaja mwanamume yule, roho ilimuuma. Mwishowe akasogea dirishani, akatega sikio. Wakili wa mshtakiwa alikuwa akimuuliza Revati kama aliwahi kucheka na msimamizi wake kazini.

Bhanudas akashindwa kujizuia. "Mwambie hukuwahi hata kumtazama," alisema kwa sauti.

Wakili aliisikia sauti ile huko Pune, akalalamika kwamba shahidi anafundishwa. Hakimu alimwonya Bhanudas vikali, akaahirisha kesi.

Walipofika nyumbani Revati alisema, "Nilicheka naye, ndiyo. Alikuwa msimamizi wangu, alipotania tulicheka wote. Kucheka si ruhusa ya kunishika. Hayo ndiyo nilitaka kumwambia hakimu, ukaniziba mdomo. Yule alinivunja mkono, nawe unataka kunivunjia kesi."

Bhanudas aliona aibu. Wivu haukumtoka, ila sasa aliuona ulivyo: ulikuwa unamsaidia adui wa mkewe.

Safari ya pili alimsindikiza mpaka lango la mahakama, akarudi kwenye baiskeli zake. Revati aliomba Indu akae naye, hakimu akaruhusu. Karani alizungusha kamera ili hakimu aone kwamba mle ndani hakuna mtu mwingine. Indu alinyamaza kimya. Revati alijibu kila swali, hata lile la kucheka. Katikati aliomba maji, akapewa muda.

Majira ya mvua yalipopita, hukumu ilisomwa. Msimamizi alikutwa na hatia, akafungwa. Indu alileta habari, wanawake wa mtaa wakaja kumpongeza Revati.

Walipoondoka, Bhanudas alibaki akimtazama mkewe. Alitamani kujua yote aliyosema katika chumba kile. Revati alimjua.

"Nitakuambia," alisema. "Lakini siku nitaichagua mimi."

Wivu ulimchoma Bhanudas kifuani. Akaumeza.

"Nitangoja," alisema.