Kinyozi na Mashine Yake

Kinyozi wa mtaa wetu alikuwa na tabia moja mbaya. Akisikia neno asilolipenda, aliwasha mashine ya kunyolea. Mashine ikishanguruma, utaongea na ukuta.

Asubuhi moja redio ilitangaza kuwa wabunge wa upinzani wameongoza maandamano mjini.

"Wahuni hao!" alisema Kinyozi. "Wana viti bungeni. Barabarani wanafuata nini?"

Kwenye kiti alikuwa akinyolewa jirani yake, Karani. Mzee huyu alifanya kazi bungeni mpaka akastaafu.

"Taratibu, bwana," alisema Karani. "Wapinzani ni wachache. Kura zikipigwa, mara nyingi wanashindwa, na hilo wanalijua. Kazi yao ni kuihoji serikali ili wananchi wasikie. Sasa wakikatizwa, hoja zao zikatupwa bila kujadiliwa, waende wapi? Wanakuja kwetu."

"Si wanatafuta sifa tu?"

"Wapo wa hivyo pia. Na anayerusha mawe ana makosa, hata awe nani. Lakini kuandamana kwa amani ni njia ya..."

Hakumaliza. Mke wa Kinyozi alifika na kigoda. Akakiweka katikati ya mlango, akakaa. Hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka.

"Mama watoto, vipi tena? Unaniaibisha mbele ya wateja!"

"Siondoki mpaka nisikilizwe."

Jumapili iliyotangulia familia ilikuwa imefanya kikao humo humo dukani. Kinyozi na wadogo zake wawili walitaka binti yake aache shule, awe anaosha wateja nywele. Mama na bibi walikataa. Kura zikawa tatu kwa mbili. Sasa ilibaki siku moja tu binti aanze kazi.

"Kikao si tulikaa?" alifoka Kinyozi. "Umeshindwa. Kubali matokeo!"

"Kushindwa nakubali. Lakini mimi nilisema nini siku ile? Hebu waambie."

Kinyozi hakujua. Kila mkewe alipoanza kueleza, yeye aliwasha mashine. Hata sasa kidole chake kilikuwa kwenye swichi, na watu wote walikuwa wanakitazama. Uso ulimshuka. Alitamani ardhi ipasuke aingie.

Akachomoa waya ukutani. "Sema, mke wangu."

"Mtoto amebakiza mwaka mmoja tu amalize. Jumamosi wateja ni wengi na yeye hana masomo, aje siku hiyo. Siku nyingine nitaosha mimi."

Mdogo wake Kinyozi alikuwa anafagia nywele. Akaacha ufagio. "Ni hilo tu, shemeji? Mbona mimi sikulisikia? Basi nahamia upande wako."

"Nisamehe," Kinyozi alimwambia mkewe kwa sauti ndogo. "Nimeona aibu, na ni haki yangu kuiona."

"Na mimi je?" aliuliza Karani. "Nusu hii ya kichwa nitaipeleka wapi?"

Watu waliangua kicheko. Kinyozi hakuweza kucheka. Alimnyoa Karani huku ameinamisha macho.

Binti yuko shuleni mpaka leo. Jumamosi anaosha nywele, tena anaimba.

Juzi redio ilitangaza maandamano mengine.

"Wahuni hao!" alisema mteja mmoja.

Kinyozi akazima mashine.

"Ngoja kwanza," alisema. "Tusikie wanasema nini."