Njuga Ndani ya Gita

“Elfu sita, Clayton. Tulikubaliana, ukanipa mkono.”

“Mkono nilikupa kwa gita jipya, mzee. Hili limechakaa.”

“Limechakaa? Halijamaliza hata mwezi tangu litoke hapa.”

“Ndiyo nakuuliza wewe. Limechakaaje?”

Delbert Cornett alivuta kigoda chake, akakaa taratibu. Goti moja likakataa kwanza, kisha likakubali. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi juu ya milima ya Grayson, mvua ya kinyonge isiyo na radi, na karakana yote ilinuka gundi ya ngozi na kahawa iliyoachwa jikoni muda mrefu. Juu ya meza ya kazi yalilala masanduku mawili aliyokuja nayo Clayton. Ndani ya moja kulikuwa na gita la mwaka 1937. Ndani ya jingine kulikuwa na pacha wake, ambaye Delbert alimtengeneza zaidi ya mwaka mzima kwa mikono hiyo hiyo inayouma, kwa dola elfu kumi na mbili. Nusu alipewa mwanzoni. Nusu ya pili alipaswa kupewa siku Clayton anachukua mzigo, ila siku hiyo Clayton alisahau hundi nyumbani, na Delbert akamwambia chukua tu, nakuamini.

Hizo elfu sita zilikuwa na kazi yake. Hospitali ilikuwa bado inamdai za matibabu ya mkewe, na mkewe yuko kaburini mwaka wa pili sasa. Akizilipa, anafunga karakana. Analala.

“Nilikwambia nataka liwe kama lile la zamani lilivyokuwa siku linatoka kiwandani,” Clayton Bledsoe akasema. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mkusanyaji wa magita ya kale, mwenye buti ghali ambazo hazijawahi kukanyaga tope. “Hili niwe napiga jukwaani, la zamani libaki salama sandukuni. Safi. Laini. Sasa wewe umelikwangua kwa msasa ili lionekane zee, ukadhani nitafurahi.”

“Kijana, kwa umri huu nikutapeli ili nikanunue nini? Meno?”

“Angalia basi!”

Delbert akaangalia. Chini kidogo ya nyuzi, pembeni mwa tundu la sauti, kulikuwa na kishimo cha mviringo, kina chake kama unene wa ukucha. Akapitisha kidole gumba. Msasa huacha mikwaruzo. Hapa hapakuwa na mkwaruzo. Vanishi ilikuwa imelika polepole, ubao umebonyea, na weusi wa jasho umeingia ndani ya mti. Kishimo cha namna hiyo kinataka miaka arobaini.

Alikijua. Alikuwa amekipima kwenye lile la zamani.

Wapigaji wengi wa milima hii hukita kidole cha mwisho cha mkono wa kulia juu ya uso wa gita, kama mtu anavyoegemea fimbo, vidole vingine vikicheza. Wiley Bledsoe, baba mdogo wa Clayton na mwenye lile gita la zamani, alikita chake mahali pamoja maisha yake yote, dansini Jumamosi na kanisani Jumapili, mpaka ubao ukaingia ndani. Wiley alikufa miaka mitatu iliyopita.

“Wewe unakita kidole?” Delbert akauliza.

“Kipi?” Clayton akainua mkono wa kulia. Kidole cha mwisho hakikuwepo. Msumeno wa kiwanda cha mbao ulikichukua alipokuwa kijana. “Na hakuna mwingine anayeligusa. Naishi peke yangu.”

Delbert akaondoa kidole gumba chake. Kishimo kilikuwa na uvuguvugu, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Hapo akajua kosa ni lake.

Kuiga gita la kale kwa uaminifu si kuliangalia tu. Delbert alikuwa ameingiza kioo na taa kupitia tundu la sauti, akalisoma tumbo lote. Alipima unene wa kila ubao. Vile vipande vya mbao vinavyoshikilia uso kwa ndani alivichonga kimoja kimoja, hata kile ambacho fundi wa 1937, pengine naye akiwa hoi, alikibandika upande, hakikunyooka. Naye akakibandika upande. Gundi akachemsha ya ngozi ya wanyama, kama mafundi wa enzi zile. Na ndani ya lile la zamani alikuta njuga.

Kuna nyoka wa milima hii mwenye njuga mkiani, pete za magamba makavu ambazo huzitikisa kabla hajauma. Akiuawa, mpigaji hukata njuga zile na kuzitumbukiza ndani ya gita lake. Wapo wanaosema zinafukuza panya, wapo wanaosema zinalainisha sauti. Waliomlea Delbert walisema tu kwamba njuga ni za mpigaji, si za gita, na zikishaingia hazitolewi. Alilijua hilo tangu utotoni. Lakini yeye ni mtu wa haki: utalinganishaje magita mawili, moja lina njuga na jingine halina? Akazitoa kwenye la zamani. Akazitia kwenye jipya, asikie.

Sauti iliyotoka ilimfanya aliweke gita chini na kutazama nyuma yake.

Halafu mgongo ulikuwa unauma, nguvu zimemwishia. Akafunga masanduku yote mawili akaenda kulala. Njuga zikabaki zilipo.

“Lile la zamani,” akasema sasa, “umelipiga tangu ulichukue?”

Clayton akashusha sauti. “Halilii, mzee. Nyuzi zinatikisika, hakitoki kitu. Kama unapiga gunia la unga.”

“Na hili?”

“Hili…” Akatazama dirishani. “Hili nalisikia asubuhi nikikaanga mayai. Nilidhani ni redio.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema nini? Nionekane chizi?”

Delbert akalipindua gita jipya, tundu likatazama chini, akalitikisa. Kila fundi anajua kutoa kitu tumboni mwa gita: unapindua, unatikisa, kinaanguka. Njuga zililia. Hazikuanguka. Akatikisa tena. Zikajibu, shiii, na mkono wake ulipokoma zenyewe ziliendelea.

Akalilaza mezani. Akawasha taa ndogo. Akaingiza kioo.

Mbao. Gundi. Kile kipande kilichobandikwa upande. Njuga ziko pale, zimeegemea kona, zimetulia. Akageuza kioo autazame uso kwa ndani, chini ya kishimo.

Ubao ulikuwa unabonyea.

Polepole. Ukashuka. Ukakaa hapo. Kama kuna mtu amekita kidole.

Uzi mmoja ukalia. Ule mnene. Hakuna aliyeugusa.

“Umeona?” Clayton akanong’ona.

“Nyamaza.”

Uzi wa pili. Wa tatu. Ukawa wimbo. Ukafika mahali, ukakatika. Ukaanza upya. Ukakatika palepale. Kama mtu anayeuliza swali moja, na anasubiri ajibiwe.

Delbert hakukimbia. Magoti yasingemkubalia, na kusema kweli hakuwa na nguvu ya kuogopa sana. Alitaka tu jambo hili liishe.

“Huyu ni Wiley,” akasema. “Anataka nini kwako?”

“Hataki kitu.”

Uzi mnene ukapigwa kwa nguvu. Kikombe cha kahawa kikatembea mezani.

“Clayton.”

“Elfu nane,” Clayton akanong’ona. “Alikuwa kitandani, mgonjwa. Akaniuzia gita kwa elfu nane, hela nimpe mkewe, mama mdogo Icy. Akafa wiki hiyo hiyo. Nikamwambia mama mdogo kwamba nilishampa Wiley mkononi. Kwamba sijui alizipeleka wapi.”

“Icy huyu wa mwisho wa barabara? Anayechota maji kwa ndoo tangu pampu yake ife?”

“Mzee, tafadhali…”

“Na akakuamini.”

“Akaniomba radhi,” Clayton akasema. “Aliniomba radhi mimi. Kwa kuuliza.”

Gita likanyamaza. Mvua nayo ikawa kama imekata. Halafu njuga zikaanza, mle ndani, taratibu, bila gita kutikisika hata kidogo.

Clayton akatoa kitabu cha hundi. “Chukua zako. Chukua elfu sita zako sasa hivi. Magita yote mawili baki nayo, yachome ukitaka. Mimi simo tena.” Akaulaza mkono wa kushoto juu ya nyuzi ili njuga zinyamaze, na kwa wa kulia akaandika. Zikanyamaza kweli. Akachana hundi, akamsukumia.

Delbert akaitazama. Jina lake limeandikwa vizuri, tarakimu zote zipo, sahihi ipo. Akaifikiria hospitali. Akakifikiria kitanda. Angeikunja tu, aitie mfukoni, na hakuna mtu wa milima hii ambaye angemlaumu. Kazi aliifanya, tena aliifanya sawasawa. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuigusa.

Clayton akatoa mguno mdogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Akauvuta mkono wake kutoka kwenye nyuzi. Akautazama.

Mgongoni mwa kiganja, katikati, nyama ilikuwa imebonyea. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na jeraha. Akasugua. Akasugua tena, kwa nguvu, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nyama haikurudi juu. Watu waliomshika mkono huo kanisani baadaye wanasema haijarudi hata sasa, na kwamba pale katikati pana joto.

“Mzee,” akasema. “Mzee, nifanyeje?”

Delbert akairudisha ile hundi upande wa pili wa meza. Akaokota kalamu iliyokuwa imeanguka, ikamgharimu mgongo, akamwekea mbele yake.

“Andika nyingine. Jina Icy Bledsoe. Elfu nane. Unampelekea mwenyewe, sasa hivi, kwenye mvua hii hii. Halafu unarudi hapa unanilipa zangu.”